Jiwe kwenye Ukuta wa Grosperrin

Mtaa wa Battant, Besançon
11 Januari 1954

Binti yangu Odile,

Nakuandikia nikiwa nimelikumbatia jiko, maana baridi ya mwaka huu haina adabu, inaingia bila kubisha hodi. Hata hivyo sisi tu wazima. Baba yako mdogo Léonce bado analalamikia kiuno chake, lakini akisikia kizibo cha chupa kinatoka husimama wima kama askari wa ngomeni. Duka langu la mboga linakwenda. Viazi vipo, vitunguu vipo, wateja wa kukopa nao wapo. Mama yako mzima. Viungo vya mikono vimemvimba, daktari kamwambia apumzike, naye kamjibu daktari kwamba mashati ya padri hayajipigi pasi yenyewe.

Sasa kaa kitako. Baraza la mji limekubaliana kwa kauli moja kwamba uwekewe jiwe la kumbukumbu ukutani.

Unaijua barabara ya Grande Rue ilivyo. Huwezi kutembea kidogo bila marumaru kukwambia kwamba humu alizaliwa fulani, jenerali, au mshairi, au mvumbuzi wa kitu. Wote wanaume, na wote wa ng'ambo ile ya mto. Sisi wa Battant tumezoea kusema kwamba huku watu huzaliwa tu, kule huzaliwa na jiwe. Basi fikiria mtaa ulivyopokea habari hii! Ni kama ile siku ya kiangazi ulipotoka majini upande wa Uingereza, redio ya mzee Faivre ikatangaza, kengele za kanisa la Madeleine zikalia bila idhini ya padri. Watu wanaingia dukani hawanunui kitu, wanataka tu kunishika mkono. Nami nauacha ushikwe.

Lakini kuna jambo. Bwana Pernot, katibu wa meya, alikuja mwenyewe. Kijana mpole, kola safi. Akasema jiwe haliwezi kuwekwa Battant, kwa sababu hukuzaliwa Battant. Daftari la vizazi linasema ulizaliwa Grande Rue, nyumbani kwa Grosperrin. Akatusomea maneno yatakayochongwa: "Katika nyumba hii ya familia ya Grosperrin alizaliwa Odile Bouveret, mwanamke wa kwanza wa mji huu kuvuka Mlango-Bahari wa Uingereza kwa kuogelea."

Mama yako alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuipitisha pasi mahali palepale pa shati lilelile mpaka tukasikia harufu ya kuungua.

Tuandikie unasemaje. Sherehe inapangwa Julai.

Mama yako mdogo,
Clarisse

*

Boulogne-sur-Mer
2 Machi 1954

Mama mdogo,

Nakuamkia wewe na baba mdogo. Nisamehe kwa kukawia. Bahari huku iliganda kandokando mwezi uliopita, jambo ambalo hata wavuvi wazee walikuja kulitazama. Wanafunzi wangu nawafundishia kwenye bwawa la ndani, ambako maji yana harufu ya dawa na watoto wanapiga kelele kama kasuku. Nina mwanafunzi mmoja wa maana, Yvette, binti wa mwokaji mikate. Ana mabega mapana na kichwa kigumu. Nadhani atavuka kabla hajafika miaka ishirini. Jibini ulilotuma lilifika salama, mwenye nyumba wangu alidhani kuna kitu kimekufa chumbani.

Kuhusu jiwe, mwambie Bwana Pernot asante. Waliweke wanapotaka. Wakikosa ukuta waliweke mtoni, huko ndiko nilikoishi.

Mimi sitakuja. Usiniulize kwa nini, unajua. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilimuuliza mama swali moja, swali ambalo mtaa mzima ulikuwa umeshanijibia. Unajua nilichopewa badala ya jibu. Shavu langu linakumbuka. Sijaliuliza tena, wala yeye hajalijibu. Tumekuwa tukiandikiana habari za hewa na soseji miaka yote hii. Sasa nije nisimame chini ya jina la Grosperrin, watu wanitazame pua na kidevu wakikonyezana? Hapana.

Mwambie mama apumzishe mikono.

Odile

*

Besançon
21 Machi 1954

Odile,

Salamu zimefika na kiburi chako kimefika pamoja nazo. Léonce amepona kiuno, sasa anaumwa goti. Mtoto wa jirani Jeannin amepata kazi kwenye kiwanda cha saa. Theluji imeyeyuka, mto umejaa mpaka kwenye ngazi, na mashua za kufulia zimefungwa kamba mbilimbili. Hizo ndizo habari njema.

Sasa nisikilize. Jumanne tumepata mgeni. Gari jeusi lilipanda mtaa wa Battant, watoto wote nyuma yake, likasimama mlangoni kwetu. Akashuka Madame Grosperrin mwenyewe, na fimbo yake, na manyoya shingoni, na keki ndani ya sanduku lenye utepe. Mwanamke ambaye alimfukuza mama yako, mtumishi wake, kabla hata kitovu chako hakijadondoka! Na hajawahi kuukanyaga mtaa huu tangu hapo.

Akakaa. Akatazama ukuta, akaona picha yako umepakwa mafuta mwili mzima kama sangara anayesubiri kikaango.

"Ana mabega," akasema. "Mwanangu Hubert alikuwa na mabega kama hayo."

Mama yako akaendelea kukunja nguo.

"Tumezeeka, Joséphine. Ya zamani yamepita. Nataka tu watu wajue kwamba binti huyu ni mtoto wa nyumba yetu. Damu haifichiki."

Nikasema, "Madame, damu haifichiki, lakini mama yake aliweza kufichwa darini, na kisha akatupwa nje na shuka moja."

"Clarisse!" mama yako akanikemea. Kisha akamgeukia mgeni: "Madame, keki ni nzuri. Tutaila kesho. Leo tuna kazi."

Yule bibi akaondoka. Mama yako akachukua ile keki akawapa watoto waliokuwa wanalizunguka gari.

Nilimwambia, "Dada, sema sasa. Usiposema, jiwe litasema badala yako." Akanijibu kwamba jiwe lina haki ya kusema linalotaka, halina mtoto.

Mimi nina ninalolijua, Odile. Nimelijua tangu nikiwa na misuko miwili ya nywele. Lakini si langu. Siri ya mtu ni kama mswaki wake. Muulize yeye, na uulize kama mtu mzima, si kama mtu anayevizia kofi.

Clarisse

*

Boulogne-sur-Mer
9 Aprili 1954

Mama mdogo,

Natumaini goti la baba mdogo linapungua. Mimi mzima.

Kwa hiyo ni kweli. Hubert Grosperrin. Mabega ya Hubert.

Unajua nilichokuwa nikiwaza nilipokuwa katikati ya Mlango-Bahari? Waandishi wa magazeti wote waliniuliza, nikawaambia nilikuwa nawaza nchi yangu. Uongo. Mkondo ulikuwa umenikamata, nilikuwa naogelea na siendi, kocha wangu ameshika kamba mkononi kunitoa. Nikawaza: ukitolewa sasa watasema ni mtoto wa dobi, alijaribu. Ukifika watasema ni damu ya Grosperrin. Kwa vyovyote si wewe. Hasira ile ndiyo iliyonifikisha, si nchi.

Mama hawezi kusoma maandishi madogo siku hizi, kwa hiyo msomee haya kwa sauti: Mama, nina miaka thelathini na mitatu. Kama mimi ni wa Grosperrin, niambie, nitakubali, sitakulaumu kwa lolote, ulikuwa msichana tu katika nyumba ya watu. Lakini kama hutanijibu, mwisho wa mwezi huu nitamwandikia Bwana Pernot kwamba maneno yale yanafaa na wayachonge. Nimechoka kutokuwa na upande mmoja.

Odile

*

Besançon, Alhamisi Kuu
15 Aprili 1954

Odile,

Haraka haraka, posta inafungwa.

Nilimsomea. Nilisoma mara moja, akasema, "Rudia pale pa kocha na kamba." Nikarudia. Akainuka, akazima pasi, na hilo peke yake lilinitisha, kwa maana kapu la nguo lilikuwa bado limejaa. Akatoa koti la kanisani.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Boulogne."

"Wiki ya Pasaka? Na mashati ya padri?"

"Sanda ya Yesu haikupigwa pasi na alifufuka, padri ataweza Pasaka moja na shati lisilonyooka."

Mama yako, Odile, ambaye hajawahi kupita Dole, hapo jirani, maishani mwake! Nilitaka kumsindikiza, akanikatalia. Léonce alimpeleka stesheni asubuhi hii, na kapu la soseji za Morteau kubwa kuliko yeye. Kule Paris lazima abadilishe stesheni, na hajui hata Paris inaelekea wapi. Nimemwandikia kwenye karatasi, akaikunja akasema ana mdomo.

Kama barua hii itafika kabla yake, nenda stesheni. Kama itafika baada yake, basi umeshajua.

Clarisse

*

Boulogne-sur-Mer
2 Mei 1954

Mama mdogo Clarisse,

Barua yako ilifika siku tatu baada yake, Pasaka ilipokwisha. Nisamehe kwa kukaa muda huu wote bila kuandika. Nimeianza barua hii mara kadhaa na kila mara nainuka kwenda kutembea. Mama amekwisha kukusimulia, najua, lakini nataka usikie na upande wangu.

Jumamosi jioni nilikuwa ninatoka bwawani, nywele zinadondoka maji, nikamwona mwanamke mfupi amekaa kwenye ngazi, kapu mapajani, anamwambia Yvette jinsi ya kutoa doa la kutu kwenye pamba. Akanitazama. "Umekonda," akasema. Miaka mingapi hatujaonana? Na hilo ndilo neno la kwanza!

"Mama, umefikaje?"

"Niliuliza. Wa-Paris si wabaya kama wanavyosemwa, ila wanakimbia bila kufukuzwa."

Usiku ule hakuligusa swali langu. Alikula, akanifulia mataulo yangu yote, akalala. Nami sikuuliza. Kesho yake baada ya misa akaniomba nimwonyeshe mahali nilipoingilia majini. Tukapanda basi mpaka rasi ya Gris-Nez. Kulikuwa na ukungu. Alisimama ukingoni, kiganja juu ya macho.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Nilidhani ni kubwa zaidi." Kisha, "Na Uingereza iko wapi?"

"Kule. Leo haionekani."

"Na siku ile ilionekana?"

"Niliingia kabla hakujapambazuka. Haikuonekana."

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo uliogelea kwenda mahali usipopaona." Aliinua kidevu na kumtazama kila mtu aliyekuwa akipita ufukweni, mmoja mmoja, kana kwamba anawauliza kama nao wana binti wa namna hiyo. Mama mdogo, nimepewa medali na meya wawili na balozi mmoja. Hakuna aliyenipa nilichopewa na kidevu kile.

Halafu akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akasema kama mtu anayetaja bei ya sabuni:

"Baba yako aliitwa Aimé Cuenot. Alikuwa anaendesha tishari la mawe kwenye mto wetu."

Nikakaa.

"Alikuwa anapita nyuma ya nyumba ya Grosperrin nikianika nguo. Alikuwa anaimba vibaya sana. Tulikuwa tumekubaliana tuoane baada ya Pasaka. Hakuna aliyejua ila Clarisse, maana Madame alikuwa hapendi watumishi wenye wachumba. Ule mwezi wa Januari maji yalipanda. Tishari lilikuwa limefungwa pale Tarragnoz, kamba zinakatika, akaenda na wenzake kuliokoa. Alianguka kati ya tishari na ukuta."

"Hakujua kuogelea?"

"Nani kati yao aliyejua? Watu wa matishari walikuwa wakisema kujua kuogelea ni kurefusha kifo tu. Walimpata Velotte, maji yalipopungua, wakamzika huko huko. Mimi nilikuwa na wewe tumboni, sijamwambia mtu, nikaendelea kuanika nguo."

Nilimuuliza kwa nini aliwaacha watu waseme la Hubert.

"Ningefanya nini? Kijana wa nyumba, mtumishi mjamzito, watu walishapika na kupakua wenyewe. Ningewakatalia, wangeuliza: basi nani? Nikauacha uongo wao uwe blanketi. Chini yake nilimlaza Aimé wangu, hakuna aliyemgusa."

"Na mimi, mama? Mimi pia nilikuwa mtu wa kufichwa?"

Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. Mama mdogo, sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

"Wewe ulikuwa na miaka mitano ulipojitupa mtoni kutoka kwenye mashua ya kufulia. Nilikuwa na shuka la watu mkononi, likaenda na maji, sikulitazama hata. Ukaibuka, unacheka. Nikasema moyoni, Joséphine, una njia mbili. Umkataze, aogope maji maisha yake yote huku akiishi hatua chache kutoka mtoni. Au umwache ayajue maji kuliko yanavyomjua yeye. Kama ningekwambia kwamba baba yako alifia humo, ungetia mguu? Nikafunga mdomo. Kila ulipoingia majini mimi nilikuwa nafua na kuhesabu pumzi zako."

"Na lile kofi?"

"Kesho yake ulikuwa na mashindano ya kuvuka mto, pale pale Tarragnoz. Uliniuliza, mdomo wangu ukafunguka kusema. Mkono ukauwahi mdomo." Akatazama bahari. "Nilifikiri nitakwambia ukishinda. Ukashinda, ukaondoka."

Tulilia, kwa nini nikufiche. Kisha tukala soseji baridi na mkate kwenye upepo. Nikavua nguo nikaingia majini mbele yake, katika baridi ile, kwa sababu hakuwahi kunitazama nikiogelea bila ya kuwa na hofu. Nilipotoka akanifunika kwa koti lake la kanisani.

Nimemwandikia Bwana Pernot. Nimemwambia jiwe litawekwa kwa maneno ninayoyataka mimi au halitawekwa kabisa. Maneno yenyewe mama anayo, tuliyatunga pamoja.

Mwanao,
Odile

*

Besançon
6 Juni 1954

Odile mwanangu,

Leo ni Pentekoste, duka limefungwa na Léonce, ambaye sasa anaumwa jino, amelala baada ya supu, kwa hiyo nina wasaa. Mama yako tangu arudi anatembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Ameanza hata kuimba akipiga pasi. Sasa ninaelewa kwa nini Aimé na yeye walipendana: wote wawili hawajui kuimba.

Vita vilikuwa hivi. Bwana Pernot aliyasoma maneno yenu, akayapenda, lakini ukuta ni wa Madame Grosperrin, na sheria inasema mwenye ukuta lazima aridhie. Madame akakataa katakata. Pernot akaja na shauri: liwekwe huku Battant, kwenye nyumba uliyokulia. Mtaa mzima ukashangilia, hata mimi, nakiri. Jiwe letu wenyewe!

Mama yako akasema, "Hapana. Nilimzaa pale. Kuta zile zilinisikia. Liwekwe pale."

Akavaa koti. Nikamfuata, safari hii hakunizuia. Tukavuka daraja, tukapita Grande Rue chini ya majenerali wote wale, akagonga mlango wa mbele. Msichana aliyefungua akatuelekeza mlango wa watumishi. "Huo ninaujua, mwanangu," mama yako akamwambia, "leo nimekuja kuufahamu huu."

Madame alikuwa sebuleni peke yake, nyumba nzima inanuka nta na upweke. Mama yako akamweleza yote, tangu tishari hadi Velotte, bila kuongeza chumvi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina maneno yangu kumi ya akiba tangu mwaka ishirini. Lakini yule bibi kikongwe alikuwa anasikiliza na uso unamwanguka kama tambi zilizoiva.

"Kwa hiyo si wa Hubert," akasema.

"Si wake, Madame. Hubert hakunigusa hata siku moja. Alikuwa akinibebea ndoo za maji ngazini, mkiwa hamwoni."

"Aliniapia hivyo. Sikumwamini. Mpaka anakwenda vitani mwaka arobaini sikumwamini, na hakurudi." Akaishika fimbo kwa mikono yote miwili. "Niliposikia habari za binti yako redioni nilifurahi. Nilijiambia, kumbe aliniachia mtu."

Haki ya Mungu, Odile... Mungu anisamehe, ninaapa siku ya Pentekoste, lakini maneno yangu ya akiba yalinikauka yote kumi. Mama yako akasogeza kiti, akakaa karibu naye.

"Sina mjukuu wa kukupa, Madame. Lakini nakupa mwanao. Alikuwa mkweli, na alikuwa mwema kwa mtumishi. Kaa na hilo."

Tulikaa hapo mpaka saa ya ukutani ikagonga. Tulipofika mlangoni Madame akaita kwa nyuma: "Joséphine! Mwambie yule kijana wa meya aje apime ukuta."

Sherehe ni Jumapili ya tarehe kumi na nane Julai. Usithubutu kuniambia huji.

Clarisse

*

Boulogne-sur-Mer
28 Juni 1954

Mama mdogo,

Wasalimie wote, na umpe pole baba mdogo kwa jino lake. Kiungo gani kimebaki?

Naja kukuudhi. Siji tarehe kumi na nane. Wiki ile ndiyo maji yanapotulia, na Yvette anavuka. Nimemfundisha miaka minne, siwezi kumwacha aingie baharini nikiwa nimesimama Grande Rue nimevaa kofia. Nitakuwa kwenye boti, nimeshika kamba.

Lakini hata kama isingekuwa hivyo, nisingekuja. Nikija watanitazama mimi. Nataka wamtazame yeye.

Odile

*

Besançon
20 Julai 1954

Odile mkaidi,

Niliisoma barua yako nikairusha kwenye mapipa ya karoti. Halafu nikaiokota. Sasa nakwambia: ulikuwa na haki, na sitalirudia neno hili.

Simu yako ya maandishi ilifika, kwamba Yvette katolewa majini akiwa anaiona Uingereza. Mwambie kwamba mama yako amesema hivi: bahari haihami, aende tena mwakani.

Sasa sherehe. Mashua za kufulia zote zilifungwa, jambo ambalo halijatokea tangu vita viishe. Madobi wote wa mto walivuka daraja kwa mstari, aproni nyeupe zimepigwa wanga mpaka zinalia zikitembea. Wakulima wa mizabibu wa Battant nao, na Léonce mbele yao, hakuna kilichokuwa kinamuuma. Grande Rue haijapata kuona viatu vya mbao vingi namna hiyo. Wenye maduka walitoka milangoni. Bwana mmoja mwenye miwani akauliza, "Kuna maandamano?" Mama Jeannin akamjibu, "Kuna uzazi!"

Meya akasema maneno mengi kuhusu mji wetu na watoto wake wakubwa. Kisha akavuta kitambaa, na Bwana Pernot akasoma kwa sauti, nami nayajua kwa moyo sasa:

"Hapa alizaliwa Odile Bouveret, mwogeleaji, binti wa Joséphine Bouveret, mtumishi wa nyumba hii, na Aimé Cuenot, mwendesha tishari wa mto Doubs."

Mtaa mzima ulikuwa unaligeuza kichwani jina hilo jipya, na miaka thelathini na minne ya minong'ono ilikuwa inatafuta pa kujificha. Halafu mzee mmoja, sijui alitoka wapi, mwanaume wa matishari kwa jinsi alivyosimama, akavua kofia akasema kwa nguvu, "Aimé Cuenot! Nilikuwa naye siku ile." Ndipo makofi yakaanza, Odile, na hayakukoma haraka.

Meya akamwomba mama yako aseme neno. Nilidhani atakataa. Akapanda ngazi ya mlango wa mbele, akatoa ile sauti yake ya kuitana kutoka mashua hadi mashua.

"Watu wa Besançon," akasema, "mwanangu hakuja. Yuko kazini. Nimesikia mkisema kwamba mji huu umemzaa. Mji haukumzaa. Nilimzaa mimi, kule juu darini, peke yangu. Mji ulimpa maji. Kwa maji, asanteni."

Basi. Akashuka. Watu wakacheka na kulia kwa pamoja, meya akiwa wa kwanza. Madame Grosperrin alikuwa mlangoni kwenye kiti chenye mto wa mahameli. Akainuka kwa shida, akamwonyesha mama yako kiti. Nilijua atasema hapana asante. Hakusema hapana. Alikaa, akanyoosha aproni, akakaa pale mbele ya nyumba ile kama mtu aliyekaa kwake, na Madame akasimama kando yake ameegemea fimbo, mpaka wote tulipomaliza kupita kumshika mkono.

Jioni tulikula kuku kwa divai ya manjano ambayo Léonce alikuwa ameificha kwa ajili ya mazishi yake. Yule mzee wa matishari alikuja nasi, akasimulia jinsi Aimé alivyokuwa akiimba. Tukacheka mpaka nikapata kichomi.

Watu walipoondoka mama yako alivua viatu, akanyoosha miguu, akaniambia nichukue kalamu nikuandikie. Nikamuuliza niandike nini. Kumbe kila vuli, tangu ungali mchanga, alipokuwa akituaga kwamba anakwenda kununua sabuni, alikuwa akienda Velotte.

"Mwambie aje Agosti," akasema. "Kaburi la baba yake limeota magugu, na mimi siku hizi siwezi kuinama."

Mama yako mdogo,
Clarisse